Gauni liko Kibiti, mteja yuko Mbwera

*Biashara ya nguo zilizovaliwa imehamia kwenye simu wilayani Kibiti. Picha inafika kwa sekunde, lakini mzigo unasubiri maji yajae, na hasara ikitokea hubebwa na muuzaji au mteja.*

Na Mwandishi Wetu

KIBITI. Kwenye gati la Nyamisati mizigo hupangwa kabla boti haijaanza kupakia. Katikati ya katoni za sabuni, madumu ya mafuta ya kupikia na magunia ya unga, siku hizi utakuta vifurushi vidogo ambavyo mwenyewe hayupo: kiroba kilichokunjwa, kikazungushiwa seloteepu, juu yake pameandikwa jina la kijiji na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Ndani mna gauni, pengine mawili, na viatu vya mtoto.

Gauni la aina hiyo huwa limeshauzwa tangu jana usiku. Mteja amelikuta kwenye stetasi ya WhatsApp akiwa Mbwera, ndani ya delta. Akauliza bei, akaomba picha ya mgongoni, akapunguziwa kidogo, akatuma pesa. Yote hayo hayamalizi nusu saa. Kinachobaki ni gauni kumfikia, na hapo simu haina msaada tena, kwa sababu boti hutoka kwa kufuata maji.

Delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni zimekatwakatwa na mikondo ya mto na bahari. Zamani aliyeishi huko akitaka jinzi au koti la mtoto, alingoja mchuuzi apite au alipanda boti mwenyewe. Leo anapekua simu.

Ndiyo maana maneno mawili yanayofunga karibu kila tangazo la nguo mtandaoni nchini, "mikoani tunatuma", yana uzito wa pekee hapa. Kuyaandika ni rahisi. Kuyatimiza hadi Msala ni kazi nyingine kabisa.

Kutoka beloni, kutoka kabatini

Nguo zinazozunguka kwenye simu za Kibiti zina asili mbili.

Ya kwanza ni mtumba wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba wa nguo na uingizaji wa mitumba kibiashara ulikuwa umefungwa. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya muongo huo, mitumba ikaanza kuingia kwa wingi, na haijarudi nyuma tangu hapo. Kontena hushuka bandari ya Dar es Salaam. Belo, ambalo mara nyingi lina kilo 45 hivi, huuzwa likiwa limefungwa, na aliyelinunua hajui kilichomo mpaka akate kamba.

Likifunguliwa kwenye soko la Karume, Ilala, wachaguaji huwa wameshalizunguka. Nguo kali huondoka asubuhi ileile kwa bei ya juu. Za kati hufuata. Zinazobaki mchana huuzwa kwa fungu, na huko chini ndiko mikanda, matambara na fulana zenye majina ya mashindano ya mbio za shule za Marekani hurundikana. Soko hilo liliungua Januari 16, 2022, na wafanyabiashara wake wakaanza upya juu ya majivu. Kutoka Kibiti ni kilomita zipatazo 140, hivyo muuzaji anayetoka usiku anaweza kuwa Karume alfajiri, akachagua vipande vyake 20, akarudi siku hiyohiyo kuvifua.

Asili ya pili ni kabati. Huyu hana belo wala hajawahi kufika Karume. Ni mwalimu, muuguzi, mke wa dereva, binti aliyemaliza kidato cha nne. Ana nguo alizovaa mara moja au mbili na sasa anataka pesa kidogo ya kujazia. Pwani nguo za namna hiyo hazikosekani: sare ya singo, sare ya kichen pati, sare ya ndoa yenyewe. Kitambaa kilinunuliwa kwa ahadi, fundi akalipwa kwa haraka, nguo ikavaliwa kutwa moja na picha zikapigwa. Baada ya hapo inakunjwa sandukuni na karafuu chache, miaka inapita.

Wapo pia wasio na nguo yoyote mkononi. Wanachukua picha za muuzaji wa Dar es Salaam, wanaongeza bei yao, wanaziweka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kibiti na Ikwiriri. Mteja akilipa ndipo wanaagiza. Nguo ikiwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, maneno huanza.

> Nguo ya mgeni wa mbali inavaliwa kwa amani. Nguo ya jirani inavaliwa kwa hofu ya kutambuliwa.

Aibu ya kununua kwa jirani

Kuna jambo wachumi hawaliandiki kwenye vitabu vyao, lakini kila mwanamke wa Pwani analijua. Nguo ya mtu usiyemjua haikusumbui. Zamani ilisemwa kwamba mwenyewe alifia Ulaya, na bado watu walivaa wakaenda nayo harusini. Nguo ya mtu unayemjua ni mtihani. Utaivaa msibani, mwenyewe atakuangalia. Mwingine atasema, "Hilo si gauni la fulani?" na kwenye mji mdogo neno hilo linatosha kukurudisha nyumbani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kununuliwa mtaa wa pili nayo haisitiri vizuri.

Yapo na mengine yanayosemwa kwa sauti ya chini. Nguo imekaa kwenye mwili wa mtu, ina jasho lake, na wapo wanaoogopa kwamba kwa kuivaa watachukua mkosi wake au watafanyiwa jambo kupitia nguo hiyo. Muuzaji naye ana hofu yake: hataki nguo iliyogusa mwili wake iishie mikononi mwa asiyemjua. Kwa hiyo kabati linajaa, na mwenye kabati hana hela ya ada.

Naona hapa ndipo simu imeleta jambo jipya kweli. Mwalimu wa Bungu anaweza kuuza sare yake ya harusi kwa mtu wa Kilindoni, Mafia, ambaye hatakutana naye maisha yote. Umbali uliokuwa kikwazo cha biashara umegeuka stara. Wengi hutumia namba isiyo na picha yao, nguo wanaitundika badala ya kuivaa, na ukuta wa nyuma wanaufunika kwa shuka ili nyumba isijulikane.

Kazi ya kupiga picha gauni moja

Anayeijua kazi hii haipigi picha saa sita mchana. Jua la utosini huua rangi, nyekundu ikaonekana kama chungwa na nyeusi ikaonekana imepauka. Hulitundika gauni kwenye henga, mlangoni upande wa kivuli, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Limeshafuliwa likatolewa ile harufu ya belo, limeshapigwa pasi, na kama umeme umekatika ni pasi ya mkaa.

Hupiga mbele, hupiga nyuma, hupiga lebo ya saizi. Lakini lebo peke yake ni mtego, kwa sababu 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, na nguo nyingi za Korea na China hukatwa kwa miili midogo zaidi. Kwa hiyo gauni hulazwa kitandani, tepu ya fundi ikapita kwapa hadi kwapa, kiuno, begani hadi kwenye pindo. Vipimo huandikwa chini ya picha.

Kisha huja picha ambayo muuzaji mgeni huiogopa: picha ya kasoro. Kifungo kilichopotea. Zipu inayokwama katikati. Doa la jasho kwapani ambalo halikutoka hata kwa limau. Uzi uliofumuka kwenye pindo. Anayeficha doa huuza haraka mara moja, halafu gauni linarudi, na mteja anaeleza habari zake kwenye kundi lenye watu mia mbili. Anayelionyesha hupunguza bei kidogo na mteja hurudi tena.

Hesabu inavyokwenda

Tuchukue mfano wa kukadiria. Muuzaji ananunua vipande 20 Karume kwa Sh6,000 kila kimoja. Nauli na chakula cha siku hiyo tuseme Sh24,000, ambayo ni Sh1,200 kwa kila nguo. Bando Sh500 kwa kila nguo, sabuni na mkaa Sh300. Kipande kimoja kimeshagharimu Sh8,000 kabla hakijatoka nyumbani. Bodaboda na boti hadi kwa mteja wa delta tuseme Sh3,000. Jumla Sh11,000. Kikiuzwa Sh15,000, faida ni Sh4,000.

Inapendeza kusikia. Lakini vipande 20 haviishi vyote. Vikiuzwa 15, faida ni Sh60,000. Vitano vilivyokwama vimekula Sh40,000. Mkononi imebaki Sh20,000, kwa kazi ya wiki mbili za kuamka usiku, kufua, kupiga picha na kujibu maswali ya watu ambao wengi wao hawanunui.

Anayeuza kutoka kabatini ana hesabu nyingine. Nguo yake ilishalipwa zamani. Akiuza gauni hilohilo kwa Sh15,000 na kutoa bando, sabuni na usafiri, anabaki na Sh11,200. Ni karibu mara tatu ya faida ya mwenzake kwa kipande kimoja. Tatizo ni kwamba kabati huisha. Baada ya nguo kumi ama anaacha, ama anaanza kuuza nguo za dada na mashoga zake kwa kamisheni, ama naye anapanda basi la usiku kwenda Karume na kuingia kwenye hesabu ile ya kwanza.

> Fedha ya korosho ndiyo inayovisha Kibiti.

Na pesa ya mteja ina msimu wake. Korosho za mkoa wa Pwani huuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu cha ushirika, CORECU, na minada huanza kwa kawaida mwezi Oktoba. Malipo yakiingia kwenye akaunti za wakulima, simu za wauza nguo hazinyamazi. Mavuno ya mpunga huleta wimbi jingine, na Ramadhani huleta la tatu, nguo za watoto zikiongoza. Katikati ya misimu hiyo kuna miezi ambayo mteja anaandika tu "nzuri sana" na kuweka ua.

Mwaka 2024 wimbi la mpunga halikuja. Mafuriko ya Aprili yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, kisha Mei 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini upande wa Kilwa. Ulikuwa wakati wa kupokea nguo za msaada, si wa kununua. Waliokuwa wamekopa ili kujaza mzigo wa msimu walibaki nao.

Nani alipe kwanza?

Mgogoro mkubwa wa biashara hii si bei. Ni nani atangulize imani. Muuzaji anataka pesa kabla mzigo haujaondoka, kwa kuwa boti ikishatoka Nyamisati hana tena nguvu. Mteja anataka ashike kitambaa kwanza, kwa kuwa ameshasikia ya watu waliolipia gauni wakatumiwa tambara, au hawakutumiwa chochote na namba ikazimwa.

Wote wawili wana haki ya kuogopa. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na matumaini yalikuwa kwamba matapeli wangekosa pa kujificha. Bado ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unaingia kwenye simu za watu kila siku. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeweka namba 15040 ya kuripoti namba za kitapeli, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni vyema kila mmoja akazitumia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inatoa adhabu kwa udanganyifu wa mtandaoni. Ila namba ikifungwa, Sh15,000 ya mama wa Kiongoroni haijarudi, na hakuna atakayelipa nauli ya boti na gari kwenda kufungua kesi ya gauni.

Kwa hiyo watu wametunga kinga zao. Mteja hulinganisha jina linalojitokeza anapotuma pesa na jina analotumia muuzaji, yakitofautiana, husitisha. Wengine hulipa nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Wengine huweka mtu wa kati, mwenye duka la kijijini au wakala wa pesa ambaye pande zote zinamwamini: mzigo unashukia kwake, mteja anaukagua mbele yake, pesa inatumwa palepale. Wakala anapata chochote. Njia hii ya tatu ndiyo naiona ina mguu wa kusimamia, kwa sababu inamtumia mtu ambaye kijiji kinamjua na hawezi kuhama kesho.

Lipo na pigo ambalo hakuna wakala anayeweza kulizuia. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Duka la mtaani lilifungwa likafunguliwa. Duka lililo ndani ya simu lilitoweka, pamoja na oda, picha na mazungumzo ya bei. Kabla ya hapo, Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipanda juu ya kila uhamisho wa pesa, na ingawa ilipunguzwa baada ya malalamiko, wauzaji wadogo walijifunza jinsi faida ya Sh4,000 inavyoweza kuliwa na uamuzi wa siku moja bungeni.

Wenye maduka na wenye viwanda

Si kila mtu Kibiti anaifurahia biashara hii. Mwenye fremu analipa pango, leseni na ushuru, halafu mteja anaingia dukani kwake, anajaribu gauni, anatoka na kwenda kuagiza linalofanana kwenye simu. Malalamiko yake ni ya haki. Jibu lake pia lipo kwenye sheria: mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki Sh4 milioni kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato, awe na fremu au asiwe nayo. Muuzaji wa vipande 15 kila wiki mbili kwa Sh15,000 anafikisha mauzo ya Sh5.8 milioni hivi, kwa hiyo ameshavuka, hata kama faida yake ni ndogo mno. Anayeuza nguo zake za kabatini hakaribii hapo. Kuwaweka wote kapu moja, kama wengine wanavyotaka, ni kumuonea huyu wa pili.

Kuna na hoja pana zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vya nguo vipumue. Wauza nguo chakavu wa Marekani wakalalamika mwaka 2017, na Washington ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru.

Hoja ya viwanda siidharau. Nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, ikauza sehemu kubwa nje kama marobota ghafi na kisha kununua fulana zilizovaliwa, ina deni kwa watu wake. Lakini kumfungia muuzaji wa Kibiti hakufufui kiwanda. Na nguo ya harusi iliyoshonwa na fundi wa Ikwiriri, kwa kitambaa cha dukani, ikauzwa tena kwa mtu wa Mafia, haimnyang'anyi mtu kazi. Mara nyingi inapita tena kwa fundi kupunguzwa kiuno. Marufuku moja tu sina ubishi nayo: nguo za ndani zilizovaliwa, ambazo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ilizikataza kwa ajili ya afya na bado hukutwa masokoni.

Daftari la gatini

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa 2023, na vikundi vya nguo vinaweza kuiomba. Mtaji hata hivyo si tatizo pekee. Kati ya Bungu, ambako barabara ya Nyamisati inachepuka, na mlango wa mteja wa delta, kifurushi hupita kwa konda, bodaboda, mpakiaji na nahodha, na hakuna hata mmoja anayeandika amekipokea. TCRA imekuwa ikikumbusha kwamba kusafirisha vifurushi kunahitaji leseni. Mabasi makubwa yamesikia, boti ndogo za delta bado. Kumdai nahodha leseni ya kampuni ya vifurushi kutaishia kwa yeye kukataa kubeba, na mteja wa Msala atakuwa wa kwanza kuumia.

Kinachowezekana ni kidogo na kinaweza kuanza wiki ijayo: halmashauri na wasimamizi wa gati waweke daftari la vifurushi Nyamisati, lenye namba ya mtumaji, namba ya mpokeaji, jina la boti na sahihi ya aliyepokea, kwa ada ndogo isiyozidi bei ya chapati. Kifurushi kikilowa au kikipotea, patakuwa na jina la kuanzia.